Koo la Bunduki na Kipimo cha Risasi

Mazungumzo ya leo yanahusu ufundi ambao hapa Afrika Mashariki ni wachache waliopata kuuona, lakini huko Marekani unafanyika kwenye banda la nyuma ya nyumba, na wanaoufanya ni watu wa kawaida kabisa: makanika, walimu wastaafu, wakulima. Wanayeyusha madini ya risasi, wanayamimina ndani ya kalibu ya chuma, na kujisubia risasi zao wenyewe za kulengea shabaha na kuwindia. Sheria za kwao zinawaruhusu.

Katika ufundi huo kuna jambo linalowasumbua miaka nenda, miaka rudi. Chukua risasi zilizotoka kalibu moja, chungu kimoja, siku moja. Zipige kwa bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja, zenye jina moja na namba moja ya kaliba. Bunduki ya kwanza inapiga pale pale inapolengwa. Ya pili inatawanya ovyo, na baada ya milio michache mtutu wake umepakaa madini ndani mpaka unahitaji kusuguliwa. Kwa nini?

Wengi hukimbilia kulaumu baruti. Wengine husema risasi ilikwenda kasi mno, wengine husema madini yalikuwa laini mno. Mimi nasema kabla hujalaumu chochote kati ya hivyo, pima koo. Mara nyingi kosa liko hapo, nalo ni jembamba kuliko unywele.

Tuanze na bunduki yenyewe. Nyuma ya mtutu pana chumba kiitwacho chemba. Humo ndimo linamokaa ganda lenye baruti na fataki, likiwa limeishika risasi mdomoni. Mbele ya chemba, kabla ya kufika sehemu yenye mifereji, kuna kipande kifupi kilichochongwa laini, kinachopungua upana kidogo kidogo. Hilo ndilo koo. Baada ya koo inafuata mifereji inayojisokota mpaka mwisho wa mtutu, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta. Matuta ndiyo yanayoikamata risasi na kuizungusha, na mzunguko huo ndio unaoifanya ishike njia yake angani.

Baruti inapowaka, risasi huchomoka kwenye ganda, hupita kooni, kisha huingia kwenye matuta. Safari yote hiyo ni ya urefu mdogo kuliko ukucha, lakini ndani yake mambo mengi huamuliwa. Risasi ikiwa nyembamba kuliko koo, mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, gesi ya moto hupenya pembeni yake na kuila ubavuni, na madini yaliyoliwa huganda kwenye kuta za mtutu. La pili, risasi huinama. Inaingia kwenye mifereji ikiwa upande, na tangu hapo uzito wake haukai tena katikati. Ikitoka nje huku inazunguka kwa kasi kubwa, upogo huo unaipeleka kushoto leo na kulia kesho, na hakuna mlengaji hodari awezaye kuurekebisha kwa jicho wala kwa mkono.

Risasi ya kiwandani iliyovikwa koti la shaba huvumilia sana mapungufu haya, kwa kuwa shaba ni ngumu na haiyeyuki upesi. Madini ya risasi hayana uvumilivu huo. Ndiyo maana risasi ya kiwandani ni kama kanzu ya dukani, inayomkaa kila mtu kwa kiasi, ilhali risasi ya kusubu ni kanzu ya kushonesha: usipopima mwili, usimlaumu fundi.

Tatizo hili la nafasi kati ya risasi na mtutu ni kongwe. Zamani bunduki zilijazwa kwa mbele, na risasi ilikuwa duara, tufe dogo la madini. Ili tufe lishuke upesi mpaka chini, ilibidi liwe jembamba kuliko mtutu. Askari wa Kiingereza wa karne ya 18 alibeba bunduki yenye mtutu wa inchi 0.75, lakini tufe lake lilikuwa na upana wa karibu inchi 0.69. Kwa hiyo tufe lilipotoka liligonga kuta huku na huku, na mwelekeo wake wa mwisho ulitegemea ukuta lililougonga mwisho. Majeshi yalivumilia hilo kwa sababu yalipiga kwa safu, mamia kwa pamoja, dhidi ya safu nyingine iliyosimama karibu.

Mwindaji wa msituni hakuweza kuvumilia. Katika karne hiyo hiyo mafundi wenye asili ya Kijerumani waliokaa Pennsylvania, hasa maeneo ya Lancaster, walitengeneza bunduki ndefu za mifereji. Waliziba ile nafasi kwa kulifunika tufe kitambaa kilichopakwa mafuta. Kitambaa kilishika mifereji, na tufe likashikwa na kitambaa. La kuzingatia zaidi ni kwamba fundi alipomkabidhi mteja bunduki, alimpa na kalibu yake. Mitutu ilichongwa kwa mkono, hivyo hakuna miwili iliyolingana sawasawa. Kalibu ya jirani haikufaa. Wahenga wetu walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na mwindaji wa Pennsylvania angewaelewa bila kufasiriwa.

Lakini kusukuma tufe lililofungwa kitambaa kulichukua muda, na vitani muda ni roho ya mtu. Ndipo katika miaka ya 1840 afisa wa Kifaransa, Claude-Étienne Minié, akijenga juu ya kazi ya wenzake waliomtangulia, alipoleta risasi ndefu yenye ncha mbele na shimo kitakoni. Ilikuwa nyembamba, ikashuka mtutuni kwa urahisi. Baruti ilipolipuka, gesi ilikitanua kitako chake kikajaa kwenye mifereji. Risasi ikawa nyembamba wakati wa kuingia na nene wakati wa kutoka. Kwa mara ya kwanza askari wa kawaida akapata shabaha ya mwindaji bila kupoteza kasi ya kujaza. Vita vya Krimea, na baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, vilionyesha maana yake: makamanda waliendelea kuwapeleka vijana wao kwa safu kama zamani, nao wakaanguka wakiwa bado mbali.

Waingereza nao wakatengeneza bunduki yao ya Enfield ya mwaka 1853, kaliba ya inchi 0.577. Risasi yake ilibana zaidi kuliko tufe la zamani, na moshi wa baruti nyeusi huacha masizi mazito mtutuni, kwa hiyo ilihitaji grisi. Risasi na baruti vilifungwa pamoja katika karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alifundishwa kuirarua kwa meno. Bunduki hiyo ikapelekwa India. Habari zikaenea kambini kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwa Mhindu ya kwanza ni haramu ya dini, kwa Mwislamu ya pili ni haramu. Tarehe 9 Mei 1857, huko Meerut, askari farasi 85 waliokataa kuzigusa risasi walizopewa walivuliwa sare na kufungwa pingu mbele ya wenzao. Kesho yake kambi iliasi, na uasi ukasambaa kaskazini mwa India.

Sisemi kwamba grisi ndiyo iliyoleta uasi ule. Dhuluma za Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, iliyotawala huko wakati huo, zilikuwa nyingi na za siku nyingi. Lakini cheche ilitoka kwenye ule ule mwanya mdogo kati ya madini na mtutu, uliohitaji kujazwa kitu. Baada ya uasi huo, Waingereza waliipunguza risasi ya Enfield kutoka inchi 0.568 hadi 0.550 ili ishuke kwa wepesi zaidi, wakaiachia baruti kazi ya kuitanua. Tofauti ya inchi 0.018 tu, haifiki nusu milimita.

Kwetu pia mifereji ya bunduki imeacha alama. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotungwa kwa jina la kukomesha biashara ya utumwa, uligusa eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Bunduki za mifereji na za kujazia nyuma zilizuiwa zisiingizwe na kuuzwa, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Magobori ya gumegume, yasiyo na mifereji, pamoja na baruti yake ya kawaida, yaliachiwa mlango wa kuuzwa chini ya masharti. Waliotunga mkataba walijua wanachokiacha na wanachokizuia: tufe linalogongagonga kuta za gobori si mwenzake risasi iliyobanwa na mifereji. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, wapiganaji wengi walikuwa na mikuki na magobori, na mbele yao palikuwa na bunduki za mifereji na bombomu. Bombomu ndiyo iliyoua wengi kwa mkupuo mmoja, kama pale Mahenge, lakini kutokuwa sawa kwa silaha kulianza kwenye karatasi ya Brussels.

Askari wa Wajerumani wenyewe, hata vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, wengi wao walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mfano wa 1871. Hiyo ilitumia risasi ya madini matupu, yenye upana wa milimita 11 hivi, iliyozungushiwa karatasi ili isigusane na mtutu. Karatasi ilifanya kazi ile ile ya kitambaa cha Pennsylvania, na baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali askari alipojificha. Baada ya ushindi wa Tanga mwezi Novemba mwaka huo, askari wa kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, waliziokota kwa furaha bunduki za Waingereza, ambazo zilitumia baruti isiyo na moshi.

Turudi Marekani, mahali ambapo ufundi wa madini matupu haukufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na fundi mmoja, Harry Pope, ambaye mitutu yake ilisifika kupita yote. Pope alikubali bunduki ya kujazia nyuma, lakini hakuamini kuingiza risasi kutoka nyuma. Ganda na baruti viliingia kwa nyuma, na risasi ikasukumwa kutoka mbele, kupitia kipande cha mtutu kilichokatwa kutoka mtutu ule ule, kikachongwa mifereji pamoja nao. Sababu yake ni hii: risasi inapokatwa na matuta, madini yaliyosukumwa huvutwa upande wa nyuma wa mwendo. Ukiisukuma kwa nyuma kuelekea mbele, madini hayo hubaki kitakoni. Ukiiingiza kwa mbele, kitako kikitangulia, yanabaki upande wa ncha, na kitako kinasalia safi.

Kwa nini kitako? Jibu lake lilitolewa na daktari mmoja wa Massachusetts, Franklin Mann, ambaye mwaka 1909 alichapisha kitabu cha majaribio aliyoyafanya kwa miaka mingi. Mann alitoboa risasi, akazikata, akaziharibu makusudi sehemu mbalimbali, kisha akazipiga na kuhesabu zilikoangukia. Aligundua kwamba ncha inaweza kuharibika sana na risasi bado ikaenda karibu sawa. Kitako kikiharibika kidogo tu, risasi inapotea. Kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu, na gesi ikitoka upande mmoja kabla ya mwingine, huipa risasi teke la mwisho. Tangu hapo kila msubu makini huangalia kitako kwanza, na anayetaka kasi kubwa hukivika kikombe chembamba cha shaba.

Sasa msubu wa leo anapimaje? Hatua ya kwanza ni mtutu. Anachukua kipande cha madini laini, anakipitisha mtutuni kwa fimbo, kisha anapima kwa maikromita alama zilizochongwa na mifereji. Hatua ya pili, inayosahauliwa mara nyingi, ni koo na chemba. Hapo hutumia mchanganyiko wenye bismuthi nyingi, unaoyeyuka kwenye joto la chini kuliko la maji yanayochemka. Huumimina ndani ya chemba na mwanzo wa koo, ukaganda, akautoa. Unapopoa husinyaa kwanza, kisha hutanuka taratibu, na baada ya saa moja hivi unakuwa na kipimo halisi cha chemba. Msubu anakuwa ameshika mkononi sura ya koo la bunduki yake, analiona lilivyo.

Hapo ndipo anapogundua kwamba namba iliyochongwa kwenye bunduki ni jina tu. Chukua Lee-Enfield, ambayo wazee wetu wa King's African Rifles waliibeba. Inaitwa .303, lakini inchi 0.303 ni upana kati ya matuta. Mifereji ni mipana zaidi, na mitutu iliyotengenezwa harakaharaka wakati wa vita ilitofautiana mno: mwingine inchi 0.312, mwingine 0.315. Koo nalo, kwa kuchomwa na gesi miaka mingi, hupanuka na kusogea mbele. Anayenunua kalibu kwa kufuata jina la bunduki atasubu risasi nzuri ya kutazama, isiyoenea popote.

Kanuni waliyoifikia wasubu wengi ni kwamba risasi iwe nene kuliko mifereji kwa sehemu moja au mbili kati ya elfu za inchi, yaani kati ya milimita 0.025 na 0.05. Unywele wa kichwani una unene wa kama milimita 0.07. Koo likiwa pana kuliko mifereji, fuata koo. Lakini kuna mpaka ambao si wa shabaha bali wa maisha: ganda likishaishika risasi lazima libaki na nafasi ndani ya chemba, ili mdomo wake ufunguke na kuiachia risasi. Likibanwa pasipo nafasi, shinikizo hupanda ghafla, na bunduki inaweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Kwa hiyo unene hauongezwi kwa kukisia.

Kisha kuna suala la ugumu. Madini ya risasi matupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi na ni laini, unaweza kuyakwaruza kwa kucha. Ukiongeza bati yanatiririka vizuri zaidi kwenye kalibu. Ukiongeza antimoni yanakuwa magumu. Kwa miaka mingi wasubu walipenda metali ya mashine za kupangia herufi za magazeti, yenye antimoni kama asilimia 12 na bati asilimia 4. Mashine hizo zilipotoweka, nayo ikaadimika. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: mchanganyiko wenye antimoni husinyaa pungufu kuliko madini matupu unapopoa, hivyo kalibu ile ile hutoa risasi nene zaidi ukiutumia mchanganyiko huo. Ukibadilisha madini, umebadilisha kipimo.

Ndiyo maana nawapinga wanaosema dawa ya mtutu kuchafuka ni kufanya madini yawe magumu. Risasi laini iliyo nyembamba kidogo bado ina tumaini, kwa sababu shinikizo linaweza kuitanua ijaze koo, kama ile ya Minié. Risasi ngumu iliyo nyembamba haina tumaini hilo. Haitanuki, gesi inapita, mtutu unachafuka, na mwenyewe anarudi kuongeza antimoni. Ugumu una kazi yake kwenye kasi kubwa, lakini unakuja baada ya kipimo. Hauwezi kusimama mahali pake.

Wasikilizaji, siwezi kumaliza bila kutaja madhara ya madini haya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, hasa akili zao. Hatari kubwa kwa msubu ni vumbi na taka za juu ya chungu zinazobaki mikononi na kuingia mdomoni pamoja na chakula. Sisi tunalo funzo la karibu: mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilisumisha wakazi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Chungu cha madini haya hakikai jikoni, wala karibu na mtoto.

Na sheria zetu haziko kama za Marekani. Kenya na Tanzania hakuna ruhusa ya mtu kujitengenezea risasi au bunduki bila kibali. Mwenye gobori la babu lililofichwa darini na alipeleke kituo cha polisi. Gobori halina kipimo kinachoaminika, na mtutu wake mkongwe unaweza kumuua aliyeushika kabla ya aliyelengwa.

Kwa wale wanaosikiliza kutoka nchi zinazoruhusu kazi hii, neno langu ni fupi. Kabla hujanunua kalibu, kabla hujabadilisha baruti, kabla hujaongeza antimoni, chukua sura ya koo la bunduki yako na uipime. Kipimo hicho ukikikosea, hakuna kingine kitakachokusaidia.